Jino moja, dharura mara tatu: uchambuzi wa kisa

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 34, mzima wa afya, anayefanya kazi ya zamu. Sikumtoa kwenye faili la mtu yeyote. Nimemkusanya kutokana na mambo yanayojirudia popote penye idara ya dharura na jino bovu, ili tuyajadili bila kumwanika mtu hadharani. Ndani ya wiki tano alifika idara ya dharura mara tatu kwa jino lile lile, gego la pili la chini upande wa kulia. Mara mbili za kwanza alirudi nyumbani na karatasi ya dawa. Mara ya tatu alilazwa, akapasuliwa, na ini lake likawa hatarini kwa sababu ambayo vijidudu vya jino havikuhusika nayo hata kidogo.

Hakuna hata mmoja kati ya waliomhudumia aliyekuwa mzembe, na ndiyo maana kisa kinastahili kuchambuliwa. Idara ya dharura haina uwezo wa kulitibu jino lililooza. Inachoweza ni kumtambua aliye hatarini, kumtuliza maumivu kwa njia inayofaa, na kumkabidhi mkononi mwa mtabibu wa meno. Kwa mgonjwa huyu, hilo la mwisho halikufanyika, na kukosekana kwake ndiko kulikozaa mengine yote.

Usiku wa kwanza

Alifika saa nane usiku. Jino lilikuwa limeanza kwa kushtuka anapokunywa maji baridi, kisha likaanza kupwita lenyewe, hasa akijilaza. Mchana alivumilia. Usiku ulimshinda, akawa anatembea chumbani huku ameshika shavu. Mapokezi walimpa rangi ya kijani, yaani anaweza kusubiri, naye akasubiri saa tatu. Daktari wa zamu alimulika kinywani, akaona tundu kwenye gego. Hakuna uvimbe, hakuna homa. Akamwandikia amoksilini ya siku 7 na vidonge vya maumivu, akamwambia, "Halafu ukamwone daktari wa meno." Mazungumzo yote hayakufika dakika tano.

Maelezo ya mgonjwa peke yake yalitosha kuutaja ugonjwa. Katikati ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kiini hicho kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini cha jino kikivimba hakina pa kutanukia, kwa hiyo shinikizo hupanda ndani kwa ndani na mishipa ya fahamu hubanwa. Ukijilaza, shinikizo la damu kichwani huongezeka, na maumivu nayo hupanda. Jino linalouma lenyewe bila kuguswa, linaloendelea kuuma muda mrefu baada ya baridi au joto kuondoka, na linalomwamsha mtu usingizini, kwa kawaida limefika mahali ambapo kiini hakiponi tena. Kilichobaki ni kukitoa kiini hicho na kusafisha mizizi, au kung'oa jino lenyewe. Zote mbili ni kazi za mkono. Hakuna kidonge kinachozifanya.

Amoksilini aliyoandikiwa isingeweza kumsaidia. Tatizo lilikuwa kiini kilichovimba ndani ya kuta zake, na vijidudu vilivyosababisha hayo vimo ndani ya tundu la jino, mahali ambapo damu haifikishi dawa ya kutosha. Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio la watu 40 wenye maumivu ya aina hii, baadhi wakapewa penisilini, dawa ya jamii moja na amoksilini, na wengine vidonge visivyo na dawa. Maumivu hayakutofautiana kwa maana yoyote. Jaribio lilikuwa dogo, lakini hoja ya kibayolojia inaliunga mkono, na mwaka 2019 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaoshauri kutoandika antibiotiki kwa kiini kilichovimba, hata pale ambapo matibabu ya jino hayapatikani siku ile ile.

Kwa nini basi huandikwa kila usiku? Jiweke mahali pa daktari yule. Hana kiti cha meno wala mashine ya kutoboa, na katika masomo yake yote ya udaktari meno yaliguswa juu juu. Mbele yake amekaa mtu mzima mwenye machozi, na nje kuna foleni. Karatasi ya antibiotiki inampa kila mtu hisia kwamba jambo limefanyika. Namwelewa kabisa, lakini karatasi ile ina madhara ambayo hatuyahesabu, na mabaya kuliko yote si kuharisha wala vijidudu kuizoea dawa, ingawa hayo nayo ni mazito. Dawa ile humfundisha mgonjwa jambo ambalo si la kweli.

Maana siku chache baadaye maumivu ya mtu huyu yaliisha. Yaliisha kwa sababu kiini cha jino kilikuwa kimekufa, na kilichokufa hakiumi. Yeye aliamini dawa imemponya. Kwa mtazamo wake, safari ya kwa daktari wa meno ilikuwa imekosa sababu, tena alikuwa amepiga simu mara moja akaambiwa nafasi ya karibu ni baada ya wiki kadhaa. Hakupiga tena. Ukimlaumu kwa hilo unamlaumu kwa kufikiri vizuri kwa kutumia habari alizopewa.

Usiku ule kulikuwa na la kufanya. La kwanza ni sindano ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu wa taya la chini. William Halsted, daktari mpasuaji wa Marekani, aliifanya mwaka 1884 kwa kutumia kokeini, na tangu hapo dawa zimekuwa salama zaidi na za kudumu zaidi. Mojawapo, bupivakaini, hushika kwa saa nyingi, kiasi cha mtu kulala usiku mzima. Daktari wa dharura anaweza kufundishwa kuidunga, na wengi tayari huidunga wanaposhona midomo na videvu vilivyopasuka. La pili ni dawa za kumeza zilizopangwa vizuri: ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000 kwa mtu mzima asiye na kizuizi. Tafiti za maumivu baada ya kung'oa magego ya mwisho zimeonyesha kwamba mchanganyiko huo hushinda dawa nyingi za jamii ya kasumba. Vizuizi vyenyewe ni lazima viulizwe: vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ujauzito, dawa za kupunguza kuganda kwa damu, na pumu inayochokozwa na dawa za aina hii. La tatu ni sentensi ambayo ingebadilisha kisa chote: "Maumivu yakiisha yenyewe, jino halijapona, limekufa, na usaha unaweza kufuata. Ni lazima liguswe hata kama haliumi."

Mara ya pili

Wiki tatu baadaye alirudi. Safari hii maumivu yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ilikuwa na maana. Maji baridi hayakumsumbua hata kidogo. Aliloshindwa ni kuumanisha meno. Alisema gego lile alilihisi limeinuka kuliko mengine, na likigongwa kidogo alirudisha kichwa nyuma. Ugonjwa ulikuwa umetoka ndani ya jino, umepita kwenye ncha ya mzizi na kuingia kwenye mfupa. Kwenye fizi kulikuwa na kivimbe kidogo.

Alipewa tena antibiotiki, na safari hii pana la kuitetea: usaha unapoanza kukusanyika na daktari wa meno hayupo, mwongozo ule ule wa 2019 unakubali amoksilini kama daraja la kumvusha mgonjwa hadi jino litakapotibiwa. Lakini hakupewa tarehe wala mahali pa kwenda, isipokuwa maneno yale yale ya "ukamwone daktari wa meno". Aliongezewa vidonge vya parasetamoli iliyochanganywa na kodeini. Hakuna aliyemuuliza anameza nini nyumbani. Na hakuna aliyemuuliza kwa nini hakwenda kwa daktari wa meno, au kama aliulizwa, iliulizwa kwa sauti ya karipio, akajibu kwa kuinamisha macho.

Swali hilo likiulizwa kwa nia ya kutaka jibu, majibu huja. Huyu alikuwa na matatu. Nafasi ilikuwa mbali. Zamu zake zilimalizika wakati kliniki zimefungwa. Na alipokuwa mtoto aling'olewa jino kabla ganzi haijashika vizuri, hajasahau. La kwanza na la pili ni matatizo ya mpangilio wa huduma. La tatu ni woga, na woga wa meno si utoto. Mtu anayeogopa hupanga foleni ya dharura usiku kwa sababu anajua kule hakuna koleo. Ukijua hivyo unaweza kumwandikia mtabibu wa meno mstari mmoja: mgonjwa ana historia ya kung'olewa kwa uchungu, hakikisha ganzi imeshika, mpe nafasi ya kuinua mkono kazi isimame.

Mara ya tatu

Alirudi baada ya siku kumi na kitu, mchana, akiwa na homa na uvimbe chini ya taya. Muuguzi wa mapokezi ndiye aliyemwokoa, na ninataka tuone alivyofanya.

Hakuanza na jino. Alimwambia afungue kinywa. Mtu mzima kwa kawaida huweza kusimamisha vidole vyake vitatu kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kwa huyu kidole kimoja kilipita kwa shida. Kisha akamwambia atoe ulimi nje, akabonyeza chini ya kidevu kuona kama pamekuwa pagumu kama ubao, akasikiliza sauti kama imekuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu kinywani, akamtazama anavyomeza mate. Ulimi ulitoka. Chini ya kidevu palikuwa laini bado. Uvimbe ulikuwa upande mmoja. Rangi ya kijani ikabadilishwa papo hapo.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Mizizi ya magego ya pili na ya tatu ya chini huishia chini ya mahali ambapo msuli wa sakafu ya kinywa umejishikiza kwenye taya, kwa hiyo usaha wake hushuka moja kwa moja shingoni badala ya kutokea kinywani. Ukisambaa pande zote mbili huinua ulimi na kuziba njia ya hewa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na kabla ya antibiotiki zaidi ya nusu ya walioupata walikufa. Njia nyingine ya usaha wa jino ni kichwani: mwaka 2007 huko Maryland, Marekani, mvulana wa miaka 12 alifariki baada ya vijidudu kutoka kwenye jino lililooza kufika kwenye ubongo. Ni matukio ya nadra. Huanza na jino la kawaida kabisa.

Jambo la pili alilofanya muuguzi ni kuomba dawa zote alizonazo. Mgonjwa alitoa mfuko mdogo, muuguzi akaumimina kwenye sinia. Pakiti ya kwanza ilikuwa nyekundu na nyeupe, ya pili ya buluu, ya tatu ni ile aliyopewa hapo hapo hospitalini, na kulikuwa na vifuko viwili vya unga wa mafua. Majina manne tofauti. Akazigeuza zote upande wa nyuma, zikiwa zimepangana, akaweka kidole kwenye maandishi madogo. Kila moja: parasetamoli miligramu 500.

Wakahesabu pamoja. Vidonge viwili kila baada ya saa nne, mchana na usiku, kutoka pakiti mbili za kwanza alizokuwa akizibadilisha akidhani ni dawa mbili: gramu 6. Vya hospitali vitatu kwa siku: gramu 1.5. Unga wa mafua mara mbili usiku, kwa sababu ulimletea usingizi: gramu 1. Jumla gramu 8.5 kwa siku, na kikomo cha mtu mzima ni gramu 4. Alikuwa amefanya hivyo kwa siku tatu mfululizo, huku hali chakula kwa sababu hawezi kutafuna.

Hakuwa na nia ya kujidhuru. Alikuwa akifuata maumivu, na maumivu ya jino yana tabia ya kurudi kabla saa ya dozi haijafika. Ini huisafisha parasetamoli kwa njia kadhaa. Dozi ikizidi, sehemu yake hugeuka sumu ambayo huzimwa na akiba fulani ya mwili, na akiba hiyo hupungua mtu asipokula. Kibaya zaidi, katika siku ya kwanza anaweza asihisi chochote, au kichefuchefu tu. Na jedwali linalotumika tangu 1975 kuamua nani apewe dawa ya kuzuia sumu hiyo limetengenezwa kwa mtu aliyemeza mara moja, kwa saa inayojulikana. Kwa aliyemeza kidogo kidogo siku kadhaa halifai. Hapo huangaliwa jumla ya dozi, vipimo vya ini na kiwango cha dawa kwenye damu. Vya huyu vilionyesha ini limeanza kuumia. Akawekewa dripu ya asetilsisteini, ndiyo dawa ya kuzuia sumu hiyo, usiku ule ule.

Yaliyobaki yalikwenda vizuri. Picha ya CT ilionyesha jipu chini ya taya. Alipewa nusu kaputi na daktari mzoefu wa njia ya hewa, kwa sababu taya lililokaza hufanya kupitisha mrija kuwa kazi ngumu, akapasuliwa, usaha ukatolewa, jino likang'olewa hapo hapo. Ini lilirudi katika hali yake ndani ya siku chache.

Neno "matumizi mabaya"

Wagonjwa kama huyu wana jina katika mikutano ya hospitali: wanaotumia vibaya huduma ya dharura. Silikubali jina hilo. Mlango wa dharura uko wazi saa zote, hauombi miadi, na katika nchi nyingi haudai malipo kabla ya kukutazama. Mtu mwenye maumivu usiku huenda palipo wazi. Marekani peke yake ina mahudhurio karibu milioni 2 ya dharura kwa mwaka kwa sababu ya meno, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa. Idadi hiyo haiwezi kuelezwa kwa tabia mbaya ya watu. Inaelezwa na huduma ya meno iliyojengwa kando ya huduma nyingine za afya, na saa zake, malipo yake na milango yake.

Ndiyo maana karipio la mapokezi halipunguzi foleni. Kinachopunguza ni miadi. Mgonjwa anayetoka na tarehe, saa na jina la kliniki, na ambaye kliniki hiyo imeshaletewa taarifa zake, yuko katika hali tofauti kabisa na anayeambiwa "ukamwone". Hospitali zinazotenga nafasi chache za meno kila asubuhi kwa waliofika usiku huwa zimefanya jambo kubwa kwa gharama ndogo. Pasipo nafasi hizo, hata simu moja kutoka kwa muuguzi kwenda kliniki hufungua mlango ambao mgonjwa mwenyewe amefungiwa.

Karatasi ya kutokea nayo ieleze jino gani, nini kimeonekana, amepewa nini na kikomo chake kwa siku, pamoja na dalili za kurudi mara moja: uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, taya kukaza, mate kushindwa kumezwa, sauti kubadilika, kupumua kwa shida, homa yenye kutetemeka. Mtu wa makamo au mzee mwenye maumivu ya taya yanayokuja akitembea na kutulia akikaa, hasa akitokwa jasho, apimwe umeme wa moyo kabla ya kutazamwa meno. Na liko jino moja ambalo ni dharura ya dakika: la utu uzima lililong'oka zima kwa ajali. Hilo lishikwe upande unaoonekana kinywani bila kugusa mzizi, lisuuzwe kidogo, lirudishwe kwenye tundu lake au litiwe kwenye maziwa, na mtu akimbizwe kwa daktari wa meno, kwa sababu nafasi ya jino kushika tena hupungua sana baada ya saa moja. La mtoto la utotoni halirudishwi.

Mgonjwa wetu alitoka wodini akiwa na miadi ya wiki iliyofuata, saa iliyochaguliwa kulingana na zamu yake. Mtabibu wa meno alikuta magego mengine mawili yenye matundu, moja likiwa bado linazibika bila kuguswa mzizi. Aliandika mbele ya faili kwamba ganzi ipimwe kabla ya kuanza kazi, na akaanza na lile jepesi.